Mashine Inayojicheza Yenyewe

Katika nyumba ya Mzee Filipo, pale Kikuyu mjini Dodoma, ukimya ulikuwa kosa. Redio ikinyamaza si neno, maana betri huisha. Kuku wakinyamaza si neno. Lakini chumba cha mwanawe Sostenes kikikaa kimya muda wa kumeza mate tu, mzee alikuwa ameshanyoosha shingo kutoka kwenye kigoda chake barazani.

"Wee Sostenesi!"

"Nipo, baba."

"Mbona sisikii kimarimba chako?"

"Nabadilisha kaseti, baba."

"Haya. Badilisha."

Kimarimba hicho kilikuwa mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, na mwenye kuichezea hakuwa mtoto. Sostenes alikuwa mtu mzima, kipara kinaanza na mvi zimeshaingia kidevuni. Mtu wa umri huo kujieleza kwa nini chumba chake kiko kimya ni jambo la kumtia hasira hata malaika, na Sostenes hakuwa malaika. Alijibu kwa adabu, kisha akasonya kimoyomoyo.

Mzee Filipo alikuwa haoni. Vikope vilimla macho taratibu, kama vilivyowala wengi wa rika lake katika nchi hii ya vumbi na maji ya shida, hadi ikabaki nuru kidogo ya kutofautisha mlango na ukuta. Enzi zake alikuwa mpiga zeze na marimba aliyeitwa kwenye harusi hadi Haneti, na masikio yake hayakuwa yamezeeka hata chembe. Asichokiona alikisikia. Mkewe alipofariki, siku moja mzee akiwa peke yake nyumbani aliangukia jiko la mkaa akaungua mkono, na tangu hapo hofu ikamwingia ikakaa. Mashine ikilia ndani, alijua mwanawe yupo. Ikinyamaza, alijua ameachwa.

Ndivyo Sostenes alivyofungwa kwa kamba ya sauti, na kamba yenyewe alikuwa ameileta nyumbani kwa mikono yake.

Watoto wengine walikuwepo, tusiwasahau. Silvano alikuwa Tabora, Paskalia Mwanza, kila mmoja na mji wake. Walikuja kwenye msiba wa mama, wakakaa hadi tanga lilipoanuliwa, na asubuhi ya kuondoka Paskalia akatoa hukumu huku akifunga begi lake.

"Wewe ndiye kitinda mimba, Sostenes. Mzee ni wako. Halafu kazi huna, mke huna. Kwani unakwenda wapi?"

Swali hilo lilimkaa kooni kwa miaka. Kila alipolikumbuka alitaka kulijibu kwa kelele: kokote! Popote ambapo hakuna mtu wa kuniuliza kwa nini nimenyamaza! Lakini siku ile alimbebea dada yake begi hadi stendi, akampungia mkono basi lilipoondoka, akarudi nyumbani kupika uji wa mzee.

Kuhusu kazi, Paskalia hakuwa amesema uongo. Sostenes alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma, na mageuzi yalipokuja shirika likauzwa. Mnunuzi akaja, akawatazama watumishi, akasema ni wengi mno. Vikorokoro ambavyo mnunuzi hakuvitaka waliambiwa wagawane. Huyu akatoka na feni, yule na taipureta isiyo na herufi r, mhasibu akabeba kiti cha meneja kichwani mchana kweupe akiwa na tai shingoni. Sostenes akabakiwa na boksi lililokosa mwenyewe. Lilikuwa la mtaalamu wa kigeni aliyekwisha kurudi kwao, na ndani yake mlikuwa na mashine nyeusi yenye ukanda wa rangi ya mninga usoni, pamoja na vijiti viwili vya kushika mkononi.

Hakujua ni kitu gani. Alipofika nyumbani aliichomeka ukutani moja kwa moja, maana nani angemwambia kwamba ilitengenezwa kwa umeme mdogo wa kwao? Ikatoa moshi, ikanuka, ikafa. Sostenes aliumia kuliko alivyoumia kuachishwa kazi. Ni jambo la kuchekesha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kazi yake iliuawa na watu wengine, ila hii mashine aliiua mwenyewe.

Ndipo ugonjwa wa kukusanya mashine ulipoanza. Dodoma wakati ule ulikuwa mji wa watu wanaoondoka. Makao makuu yalikuwa yanahamia tangu Sostenes akiwa shule ya msingi, na alipoota mvi yalikuwa bado yanahamia. Wakubwa walikuja na Bunge wakaondoka na Bunge. Wamisionari walimaliza muda wao, wahandisi walimaliza visima vyao, maofisa walipata uhamisho, na kila aliyefunga mizigo alikuwa na boksi chini ya kitanda lisilo na nafasi garini. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, televisheni zimeingia, na pamoja nazo mitumba ya kila aina, zikiwemo gemu ambazo watoto wa Ulaya walishazichoka. Sostenes alikuwa na pua ya mambo hayo. Kabla lori la kuhamisha vyombo halijazima injini, yeye alishapiga hodi.

"Shikamoo mama. Nasikia mnahama."

Watu walimcheka, wakamwita Sosi Gemu. Walidhani ni fundi, wakaona hatengenezi vya watu. Walidhani ni mfanyabiashara, wakaona hauzi. Riziki yake aliipata kwa kuchaji betri za magari na redio uani, kazi ya kukaa palepale. Mashine zake alizipanga tu kwenye rafu aliyoiunda kwa makreti ya bia, kila moja ikifunikwa na kipande cha kanga ya marehemu mama yake. Ile ya rangi ya mninga, marehemu mwenzake, alikuwa ameiweka juu kabisa, mahali pa heshima. Chini yake kulikuwa na nyeupe iliyotoka Unguja, yenye kitufe chekundu kilichokwama, na nyingine ambayo ukiisukuma kaseti inabana kama mtego wa panya.

Kila moja aliijua ilitoka kwa nani, na mwenyewe alielekea wapi. Hii mwenyewe alikwenda Norwei. Hii, Tanga. Hii, Dar es Salaam. Alizipangusa kila asubuhi akizitaja safari hizo, na wivu ulimpanda hadi machozi yakamlengalenga. Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu waliokwenda zao.

Mashine iliyofanya kazi ya kila siku ilikuwa ya kijivu. Kaseti yake ilikuwa na mtu mdogo mwekundu anayekimbia na wimbo wake nyuma, hadi anafika kwenye daraja linalobomoka. Hapo ndipo Sostenes alipofia siku zote. Aliruka mapema au akachelewa, akatumbukia, akamtukania mama fundi aliyelijenga daraja lile, akaanza upya. Mzee barazani alicheka akisikia tusi. Alilikaripia kwa mdomo, lakini alicheka.

Siku moja Sostenes aliiweka chini pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaenda chooni, na akiwa huko akakutana na jirani yao Hana aliyetaka kunyanyuliwa debe la maji. Aliporudi akiwa na hofu ya kukaripiwa, alikuta wimbo unaendelea. Mashine ilikuwa inajicheza yenyewe. Usipoigusa, ilimkimbiza yule mtu mwekundu peke yake ili kuwaonyesha watu mchezo ulivyo. Daraja likavukwa vizuri, wimbo ukaisha, ukaanza tena. Na mzee kule barazani alikuwa ametulia na kigoda chake.

Sostenes alisimama akisikiliza. Moyo ulimdunda kama wa mwizi aliyekuta dirisha wazi.

Tangu hapo akaanza kuiba hewa. Kwanza dukani na kurudi. Halafu hadi stesheni, kuangalia treni ikishusha na kupakia. Alikaa kwenye benchi akiwa na raha na dhambi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwita. Mara moja alifika hadi Bahi, kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akarejea alasiri na boksi kwapani na tope la mashamba ya mpunga hadi magotini. Mzee alimuuliza tu, "Umeshinda unacheza?" Akajibu, "Ndiyo, baba." Akaoga, akala, akalala usingizi mbaya. Kwenda alikwenda, lakini kila safari ilikuwa ya kurudi, na hilo lilimchoma zaidi kuliko kutokwenda kabisa.

Kisha akaja Ignas. Huyu walikuwa naye stoo, akapunguzwa siku moja naye, ila yeye alipanda basi wiki ileile. Sasa alikuwa na ukumbi wa gemu Dar es Salaam, kitambi, na pikapu. Alimwamkia mzee barazani, akaingia ndani, akasimama mbele ya rafu ya makreti mdomo wazi.

"Sosi, hii ni hazina. Halafu umeifungia huku?"

"Na mimi nimefungiwa humuhumu."

"Basi tokeni wote." Ignas akashusha sauti. "Mashine zangu zinaharibika, mafundi wananidanganya. Nahitaji mtu anayezipenda. Hizi zako tutazipanga mbele kwenye kabati la kioo, watu waingie kwa kushangaa tu. Jumamosi naondoka. Nafasi ipo sasa hivi, shule zikifungwa nitakuwa nimeshaweka mtu mwingine."

"Na mzee?"

"Mzee ana watoto watatu, au nakosea?"

Hakuwa anakosea. Sostenes alikwenda kwenye simu ya kulipia, akampigia Paskalia, akamwambia mzee anamuulizia sana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamsikia dada yake akiingiwa na hofu. Paskalia akasema atapanda treni, atafika Jumapili. Hana akaombwa apeleke ugali Jumamosi jioni, kwa kuwa Sostenes anakwenda Bahi. Hakumuaga baba yake. Alijua akifungua mdomo kuaga, mdomo huohuo utasema anabaki.

Jumamosi asubuhi alizihamisha mashine kupeleka kwenye pikapu iliyoegeshwa nyuma ya kanisa. Alizibeba ndani ya kreti la betri, akipita mbele ya baraza kila mara.

"Unabeba nini?" mzee akauliza.

"Betri za watu, baba."

Mzee akasikiliza hatua zake hadi zikakata kona. Sostenes aliporudi kuchukua nyingine, mzee akamwambia, "Betri za leo nyepesi."

Sostenes alisimama na jasho mgongoni. Lakini mzee aligeuza uso wake kwenye jua akajikuna mkono wenye kovu. Mwisho ikabaki ile ya kijivu peke yake, na televisheni. Sostenes akaiwasha, akaiacha ijicheze. Akamwekea mzee maji karibu na kigoda.

"Narudi ndani kucheza, baba."

"Haya," mzee akasema. "Cheza vizuri."

Walifika kituo cha mafuta cha njia ya Morogoro, Ignas akasimamisha gari ajaze tangi. Sostenes alikuwa anatazama barabara mbele, nyeusi na nyoofu, na kwa mara ya kwanza aliuruhusu mwili wake uamini. Alitabasamu peke yake. Kisha pampu ikakoroma, ikakatika.

"Umeme umekwenda, bosi," mhudumu akasema akining'iniza mpira mahali pake. "Sijui utarudi saa ngapi."

Ignas alilaani mgao, akawalaani wanaougawa. Sostenes hakusikia. Alisikia friji ya soda ikitulia, muziki wa saluni ya jirani ukikatika, mashine ya kusaga ng'ambo ikipungua mlio hadi ikazima. Mji mzima ulinyamaza, na ndani ya ukimya ule kulikuwa na chumba kimoja pale Kikuyu. Aliisikia sauti kabisa. Wee Sostenesi! Hakuna jibu. Wee Sostenesi! Akamwona mzee anainuka, mkono unapapasa ukuta, mguu unatafuta kizingiti, na uani kuna jiko ambalo Hana hupenda kuliazima na kulirudisha bado lina moto.

"Nimesahau kitu," akasema, akafungua mlango.

"Kitu gani? Sosi! Umeme ukirudi najaza naondoka!"

Alikimbia. Mtu wa umri wake akikimbia mchana Dodoma watu husimama kutazama, na walisimama. Koo lilikauka, vumbi likamjaa meno. Hasira na hofu vilimbana pamoja, kwa sababu hata akikimbia kwa miguu yake mwenyewe alihisi anavutwa. Alipokaribia nyumbani watoto wa mtaa wakashangilia kwa pamoja, umeme umerudi. Swichi hakuwa ameizima, kwa hiyo mashine iliwaka yenyewe, na akiwa uani akausikia wimbo ukianza kutoka mwanzo, kama vile hakuna kilichotokea.

Kigoda kilikuwa kitupu.

Alimkuta mzee ndani, ameketi kwenye kitanda cha mwanawe, miguu ameiweka pamoja, mkono wake ukipita polepole juu ya makreti. Kwenye kila kreti ulikuta kipande cha kanga tu.

"Umesahau nini?" mzee akauliza, kabla mwanawe hajavuta pumzi.

"Nilikuwa dukani, baba. Mara moja."

"Na mashine zote zikakusindikiza?"

Sostenes akakaa chini sakafuni. Kwenye televisheni mtu mwekundu alikuwa anakimbia.

"Sikiliza," mzee akasema, akainua kidole. Wimbo ukapanda, daraja likavukwa, wimbo ukaendelea. "Umesikia? Hakukosea. Hiyo ikijicheza haikosei hata siku moja. Wewe hapo unaanguka kila mara, kisha unamtukania mtu mama yake. Siku nisiposikia tusi najua niko peke yangu. Nimejua tangu mvua zilizopita."

"Tangu mvua zilizopita?" Uso ulimwaka Sostenes kwa aibu. "Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema, usingetoka tena."

Sostenes alitazama ile mikono, mmoja wenye kovu.

"Lakini leo umeme ulipokatika," akasema, "uliniita. Nilijua unaniita. Ndiyo maana nimerudi."

"Sikukuita." Mzee alitikisa kichwa. "Nilitetemeka, sitakuficha. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikaushika kwa mkono, nikajiambia, Filipo, kaa chini. Ukimwita huyu, hata awe Kibaigwa atasikia. Nikaja kukaa hapa. Nilikuwa nahesabu umeshafika wapi, na nilifurahi, Mungu ananiona. Kumbe uko mlangoni."

Nje, pikapu ilipiga honi. Ignas alikuwa mwungwana kuliko alivyojitangaza.

"Mwenzako huyo," mzee akasema. "Nenda."

Sostenes alitoka. Pikapu ilikuwa inanguruma mbele ya baraza, mashine zote zimefunikwa turubai, mlango wa abiria wazi. Ruhusa imetolewa, Paskalia yuko njiani, miguu ni mizima. Lakini miaka yote alikuwa amejiandaa kumtoroka baba anayemng'ang'ania. Baba anayemwachia, Sostenes hakuwa na nguvu ya kumwacha. Alisimama pale kwenye jua akahisi mlango unafungwa, na mkono unaoufunga ni wake.

"Panda, bwana," Ignas akasema.

"Tangulia nazo."

"Na wewe?"

"Nitafuata."

Ignas alimtazama. Sostenes aliujua mtazamo ule, ni ule ambao watu waliompa maboksi yao walikuwa wakimtazama nao kabla ya kupanda magari yao. Kisha pikapu ikaondoka, safari hii mashine ndizo zilizokwenda, na vumbi lake likatulia polepole juu ya baraza.

Mzee alisikia gari likienda. Halafu akasikia hatua zinarudi ndani, akafumba macho yake yasiyoona.

"Mpumbavu wewe," akasema. Walikaa. Wimbo uliisha ukaanza tena, hadi mzee akashindwa kuuvumilia. "Basi kama upo, cheza wewe. Sitaki kuisikia hiyo ikicheza peke yake."

Sostenes akachukua pedi. Mtu mwekundu akakimbia, wimbo ukapanda, daraja likaja. Akaruka, akachelewa, akatumbukia palepale pa siku zote. Mzee aliinamisha kichwa, akangoja tusi.

Halikuja. Kulikuwa kimya.

"Sostenesi?" mzee akanyoosha mkono hewani. "Upo?"

"Nipo, baba."